Msimu wa Kwanza wa Vifaru wa Ustawi

Si zamani za kale, wala si mbali. Ni juzi tu, katika nchi ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu, maana nchi ile huwakumbuka sana watu wanaoikumbuka.

Ilikuwa na amani, ilikuwa na utulivu, na ilikuwa na kiongozi mmoja aliyeitwa Baba Mlezi. Ikatokea Baba Mlezi akaumwa jino. Kwa kuwa kiti cha kung'olea meno cha hospitali ya taifa kilikuwa kimehamishiwa ofisini kwa Waziri wa Afya, ambaye mgongo wake ulikuwa hauvumilii viti vya kawaida, Baba alisafirishwa ng'ambo pamoja na wajumbe wa kujaza ndege. Huko, akiwa amelazwa na shavu limevimba kama andazi, akatazama televisheni na kuuona mpira wa Kimarekani. Aliona mijibaba iliyovaa kofia ngumu ikigombania mpira wenye umbo la yai, ikisukumana na kuangushana kwa ajili ya kipande cha ardhi cha kutandika mkeka. Kilichomvutia zaidi ni kwamba kila baada ya kusukumana kidogo wachezaji walisimama, wakakusanyika, wakainamisha vichwa na kufanya kikao.

“Huu ndio mchezo wetu,” akasema Baba kwa taabu ya jino. “Vikao vingi, mwendo kidogo.”

Wajumbe wakapiga makofi mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Kwa bahati, ligi moja ya huko ilikuwa inatafuta timu mpya ili ijipanue hadi nchi za watu. Nchi yetu ikaomba, ikakubaliwa. Ili ada ya kuingia ipatikane, reli ya magharibi iling'olewa ikauzwa kama chuma chakavu, na wananchi wa magharibi wakaarifiwa kwamba kutembea ni afya. Timu ikabatizwa Vifaru wa Ustawi. Wachezaji haikuwa nao, kocha haikuwa naye, lakini wimbo wake ulikuwa tayari na shule zote zilikuwa zinauimba.

Mwalimu Stamili Ngwale alikuwa akila ugali na mlenda katika chumba cha walimu aliposikia jina lake kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya wasichana, mjane wa makamo, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kusikika kutoka goli moja hadi jingine. Maisha yake yote alikuwa amefundisha netiboli.

“Baba Mlezi,” ikasema redio, “amemteua Mwalimu Stamili Ngwale kuwa Kocha Mkuu wa Vifaru wa Ustawi. Uteuzi huu ulianza juzi.”

Walimu wenzake walimpongeza sana, huku kila mmoja akisogeza kiti chake mbali naye kidogo kidogo.

Alasiri hiyo hiyo Stamili alikwenda Wizara ya Michezo, Furaha na Utulivu kukataa kwa adabu. Waziri, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Daktari wa Heshima Pazi Mkingule, alimpokea akiwa amevaa kofia ngumu ya kuchezea. Alisema anaizoea.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba, Kocha. Karibu. Unasemaje? Sikusikii vizuri, masikio yamo ndani.”

“Mheshimiwa, naona kuna makosa. Mimi ni mwalimu wa netiboli.”

“Netiboli mpira unashikwa na nini?”

“Na mikono.”

“Na huu wa Baba unashikwa na nini?”

“Naambiwa mikono. Lakini huu mimi sijawahi hata kuuona, Mheshimiwa.”

Waziri akacheka ndani ya kofia, kicheko kikatoka kama cha mtu aliye kisimani. “Mama, mimi wizara sijawahi kuiona kabla sijapewa. Nimekufa? Nenda ukafundishe.”

Aliporudi shuleni alikuta nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine, na mtu huyo amekwisha kutundika mapazia katika nyumba yake. Masanduku yake yalikuwa nje, yamepangwa vizuri. Ndipo Stamili akaelewa kwamba mlango umefungwa nyuma yake, na kilichobaki ni kwenda mbele.

Wachezaji walipatikana kwa njia ya operesheni. Iliitwa Operesheni Kifua Kipana. Polisi waliingia sokoni, machimboni na kwenye magati ya kupakulia mizigo wakiwa na kamba. Kila aliyezidi kamba kifuani alipandishwa lori kwa pongezi. Siku ya kwanza ya mazoezi Stamili alipita mbele ya mstari wa wanaume waliovimba macho kwa kukosa usingizi, akashtuka kumwona shemeji yake.

Huyo ni Luponya Mahimbo, mchukuzi wa soko la nafaka, mume wa mdogo wake Hidaya. Alikuwa mtu mkubwa kama kabati na mpole kama maji ya mtungini. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia, na alipokuwa chini ya gunia alikuwa akiimba.

“Shemeji,” akasema Luponya kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, “wamenipima kwa kamba ya mbuzi. Nilikuwa na gunia la maharage mgongoni. Nalo wamelichukua. Sijui lenyewe litacheza namba ngapi.”

Stamili akacheka, na hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka kwa moyo mweupe msimu ule.

Aliamua kuifanya kazi. Ndivyo alivyokuwa: akipewa ufagio atafagia. Alitazama mikanda ya mchezo ule mpaka macho yakawaka moto, akaelewa. Aliona kwamba kuna mtu mmoja, mrushaji, anayesimama nyuma akitafuta pa kuurusha mpira, na mbele yake kuna ukuta wa wanaume watano wanaomkinga asiangushwe. Ukuta ukiwa imara, timu inaishi. Akamweka Luponya katikati ya ukuta, na Luponya akawa hodari kweli kweli.

Tabu ilikuwa mrushaji. Nafasi hiyo ilikuwa imejazwa na Ikulu. Alikuwa mtoto wa dada yake Baba Mlezi, aliyejulikana rasmi kama Mpwa wa Taifa. Umri wake ulikwisha kupita arobaini, tumbo lilitangulia, na kwa mwaka mmoja tu alikuwa amewahi kuwa balozi, mkuu wa bandari na mwimbaji wa injili. Alirusha mpira kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

Ukatoka Waraka wa Kutogusa. Ulisema kwamba Mpwa wa Taifa haguswi, haangushwi, wala hasogelewi bila miadi. Nakala zilipelekwa kwa timu za wageni, nao wakacheka, wakazibandika vyumbani mwao wakidhani ni mzaha wa wenyeji wakarimu. Kwa upande wa Vifaru haikuwa mzaha. Waziri Mkingule alikuja mazoezini mwenyewe akawaambia wale watano wa ukuta, kwa sauti ya upole, kwamba siku Mpwa atakapoanguka, wao watalala gereza la Kisimani.

“Sio adhabu,” akafafanua. “Ni mapumziko.”

Halafu vifaa. Vilikuja vyote, vikapokelewa kwa matarumbeta. Lakini ilikuwa wiki ya Sikukuu ya Utulivu, na waheshimiwa walipoziona zile kofia ngumu zinavyong'aa walizitaka. Wabunge walizivaa kwenye gwaride. Baada ya gwaride zilirudi chache. Stamili akawagawia wachezaji kwa zamu: anayetoka anamvulia anayeingia, zikiwa bado na jasho.

Ligi ikaanza. Mechi zote zilichezwa nyumbani, kwa sababu Vifaru wangetoka nje ya nchi pengine wasingerudi. Wageni walikuja kwa ndege, wakatupiga, wakapiga picha na twiga, wakaondoka.

Mechi ya kwanza ilikuwa sabini kwa bila. Stamili alirudi katika bweni la timu, alikohamia na masanduku yake, akidhani watakamatwa wote. Badala yake akasikia redio ikisema kwa furaha: “Vifaru wetu leo wamepokea pointi sabini kutoka kwa wageni, idadi ambayo hakuna jirani yetu yeyote amewahi kupokea.” Siku ya pili Waziri alihutubia taifa. Alisema kuwa kutoa ni moyo, na kupokea ni moyo zaidi. Tangu hapo ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kusema kwamba timu imepigwa, imefungwa, au kwamba mchezaji ameumia. Mtangazaji mmoja aliteleza ulimi. Siku hizi anatangaza hali ya hewa katika kisiwa kisicho na redio.

Hata hivyo kulikuwa na siku moja ambayo Stamili hataisahau. Katika mechi mojawapo ya mwanzo mwanzo, Luponya alipiga bega, ukuta wa wageni ukapasuka kama mlango wa banda la kuku, na kijana mmoja mkata miwa akapita na mpira hatua nyingi kuliko walizowahi kupiga msimu mzima. Hawakufunga. Walisogea tu. Lakini wale wanaume waliorundikwa kwenye lori kama mbuzi walikumbatiana pale uwanjani wakilia, na Luponya akaanza wimbo wake wa magunia, wote wakaitikia. Stamili alijikuta anaruka kama msichana. Usiku redio ikasema kwamba aliyepita na mpira ni Mpwa wa Taifa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika.

Wageni waliokuja baadaye walikuwa wamegundua kwamba ili umpate Mpwa ni lazima umvunje yule mkubwa wa katikati. Basi wakamwendea Luponya. Wawili wawili, watatu watatu, mchezo baada ya mchezo, mara ana kofia, mara zamu si yake. Na yeye, kwa hofu ya Kisimani, hakusogea. Akianguka aliinuka, akatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi, akasimama tena mahali pale pale.

“Kichwani kuna nyuki, shemeji,” akamwambia Stamili siku moja.

“Wanauma?”

“Hapana. Wananguruma tu. Sikusikii vizuri.”

Daktari wa timu alimpima kwa kumtazama kutoka mlangoni. Alisema kwa mujibu wa kanuni mchezaji wa Vifaru haumii. Anachoweza ni kuchoka kizalendo. Akamwandikia glukosi, na picha ya Baba Mlezi ya kutazama asubuhi na jioni.

Jumapili moja Hidaya alikuja bwenini kumwona dada yake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua khanga yake, akaifunga, akaifungua tena.

“Dada, jana alipewa ruhusa ya kuja nyumbani. Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akaingia, akavua viatu, akakaa, akasubiri chakula. Mama Sikudhani kanitumia mtoto niende kumchukua.”

“Amechoka, mdogo wangu.”

“Usiniambie lugha ya redio!” Hidaya akapaza sauti, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Aliposema tena ilikuwa kwa kunong'ona. “Nilimwambia imba. Ule wimbo wake. Akaanza, akakwama. Akanitazama, machozi yanamtoka, akasema, ‘Hidaya, unaendeleaje huu?’ Dada, mtoe. Wewe ndiye kocha. Mtoe.”

Stamili akaenda wizarani, na safari hii hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti juu ya zulia.

“Mheshimiwa, nakuomba. Yule mtu ataniharibikia. Nipe ruhusa nimpumzishe mechi moja tu, hii ya mwisho.”

“Ya mwisho ndiyo anayokuja Baba mwenyewe,” akasema Waziri. “Na Mpwa amesema bila mgongo wa Luponya haingii. Inuka, mama, utachafua magoti.”

“Ameumia, Mheshimiwa.”

Waziri akatazama mlango, akatazama dirisha, akainama hadi sikioni kwake. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya hotuba. “Sikiliza. Akiumia mmoja, maana yake tumepigwa. Tukiwa tumepigwa, mimi ndiye niliyemwambia Baba tunapokea. Unaelewa? Mimi nina watoto, Mwalimu.”

Stamili akamwona alivyokuwa anatokwa na jasho, akajua kwamba hapa hakuna mtu wa kumwomba. Kila aliyekuwa juu alikuwa anamwogopa aliye juu yake.

Kwa ajili ya mechi ile ya mwisho kila juhudi ilifanyika ili nchi ishinde. Bunge liliketi kwa dharura likapitisha sheria ya kuusogeza mstari wa mwisho wa wageni hadi karibu na katikati ya uwanja. Waamuzi wa ligi walipofika na futi zao wakaupaka chokaa mahali pake pa zamani, bila kujua kwamba wanavunja katiba. Uwanja ulijazwa wanafunzi na watumishi wa serikali, na mbele yao alisimama ofisa mwenye bendera mbili: akiinua ya kijani wanapiga makofi, akiinua nyekundu wananyamaza.

Saa chache kabla ya mechi, wasaidizi wa Ikulu waliingia chumba cha wachezaji wakazoa kofia zote zilizobaki. Baba Mlezi na wageni wake wa jukwaa kuu wangezivaa kuonyesha mshikamano. Ilibaki moja tu, ya Mpwa.

Stamili aliwatazama watu wake vichwa wazi. Moyo ukamdunda, halafu ukatulia ghafla, kama unavyotulia wa mtu aliyefika mwisho wa kamba. Akawaita karibu. Mpwa alikuwa chooni.

“Sikilizeni wanangu. Mpira ukianza tu, kaeni chini. Ukuta wote. Kaeni kwenye majani kama mko msibani. Msimguse mtu, na hakuna atakayewagusa.”

“Na Mpwa?” akauliza mkata miwa.

“Atapata miadi yake na wageni.”

“Na Kisimani, Kocha?”

“Nitasema nimewaamuru. Ni mimi, si ninyi. Afadhali jela na akili zenu kuliko nyumbani bila hizo.” Akamshika Luponya mashavu kwa mikono miwili. “Shemeji. Umesikia? Unafanya nini mpira ukianza?”

“Nakaa chini,” akasema Luponya.

“Rudia.”

“Nakaa chini, shemeji. Nimesikia.” Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake lile lile, na Stamili akaliamini.

Wimbo wa taifa ukapigwa, wimbo wa Vifaru ukapigwa, wimbo wa kumkaribisha Baba ukapigwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anasinzia. Timu zikapangana. Filimbi ikalia.

Wanaume wanne wa ukuta wakakaa chini.

Luponya alibaki amesimama. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akawaona wenzake wamekaa, na usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Stamili akapiga kelele, “Kaa! Luponya, kaa!” kwa sauti ile ya goli hadi goli. Labda alisikia nyuki tu. Akafanya kitu pekee ambacho mwili wake ulikuwa bado unakikumbuka. Akatanua miguu, akainamisha kichwa kisicho na kofia, akamkinga Mpwa wa Taifa peke yake.

Wageni walikuwa tayari wako mwendoni. Mmoja alijaribu kujizuia. Stamili alimwona akijaribu. Wale wengine hawakuwahi.

Mpwa alitupa mpira chini, akakimbilia jukwaa kuu kwa mjomba wake. Uwanja mzima ukawa kimya. Ofisa wa bendera, kwa kuchanganyikiwa, akainua ya kijani, na maelfu ya watu wakampigia makofi mtu aliyelala.

Hakuna aliyekamatwa. Hilo ndilo lililomshinda Stamili kulielewa. Jioni ile ilitangazwa kwamba ukuta wa Vifaru uliketi kwa heshima ya Baba Mlezi, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika mchezo huo popote, na kwamba shujaa mmoja alisimama peke yake kumlinda Mpwa hadi hakuna hata unywele wake ulioguswa. Msimu wa kwanza ulifungwa kwa mafanikio. Kocha ameongezewa mkataba.

Siku ya tatu Waziri alikuja wodini na nishani, ngoma, na mtangazaji wa redio mwenye kipaza sauti, matangazo ya moja kwa moja. Luponya alikuwa macho. Alikuwa akitazama dari kwa utulivu. Waziri alimbandika nishani kwenye shuka, akasema mengi kuhusu mgongo wa taifa, kisha mtangazaji akamsogezea Stamili kipaza sauti.

“Kocha, wananchi wanakusikiliza. Msimu umekuwaje?”

Stamili alimtazama Hidaya, aliyekuwa ameshika bakuli la uji. Akamtazama Waziri, ambaye macho yake yalikuwa yanambembeleza.

“Tumepigwa,” akasema. “Mechi zote. Tumepigwa kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Na huyu mtu ameumia. Ameumia kichwa, na nyote mlijua, na mimi nilijua.”

Redioni, nchi nzima, ukaingia wimbo wa matarumbeta. Wodini hapakuwa na matarumbeta. Palikuwa na wagonjwa kwenye vitanda vyao, wawili wawili, na mzee mmoja kwenye kona akasema polepole, “Ehe,” kama anayepokea salamu aliyoingojea muda mrefu. Waziri alitoka bila kuaga. Nje akasikika akimwuliza dereva kama kuna ubalozi wowote ulio wazi siku ile.

Stamili akakaa kwenye kitanda, miguuni pa Luponya. Alijua gari litakuja. Hakuwa na pa kukimbilia, na hakutaka. Hidaya akaendelea na uji, kijiko kimoja kimoja, akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga.

Baada ya kitambo Luponya akamgeukia Stamili, akamwita kwa kidole asogee, akanong'ona kwa heshima, kama mtu asiyetaka kuonekana mmbea.

“Samahani, mama. Huyu dada anayenilisha unamfahamu? Tangu nifike hapa hajaniacha. Ana moyo mzuri sana. Ukimwona mume wake, mwambie amepata mke.”

Hidaya, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alichota kijiko kingine, akakipuliza kipoe.

“Nitamwambia mwenyewe,” akasema. “Fungua mdomo, baba.”